Mimi Nimesoma, Mfumo Haujasoma

Mkurugenzi wa Elimu Masafa,
Chuo Kikuu (jina nalihifadhi, maana bado nawadai alama).

YAH: SHUKRANI KWA MAFUNZO KWA VITENDO YA UTANGULIZI WA SOSHOLOJIA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kirando, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, kando ya Ziwa Tanganyika. Nalitaja hili mapema kwa sababu kwa mujibu wa mfumo wenu naishi Songea. Naandika kushukuru, si kulalamika. Walalamikaji mnao wengi, na kwa kuwa sijasikia hata mmoja aliyejibiwa, nimeona nijaribu mlango mwingine.

Nilipojiunga nilidhani Utangulizi wa Sosholojia ni moduli moja ya kurasa 214 na mtihani mwishoni. Sikujua kwamba moduli ni ya kuzugia tu, na kwamba somo lenyewe mmelificha ndani ya ofisi zenu ili mwanafunzi aligundue mwenyewe. Huo ni ubunifu mkubwa. Sijui kwa nini hamuutangazi.

Nianze na ada. Nililipa mwanzoni mwa Oktoba kwa namba ya malipo mliyonitumia, na simu ikalia papo hapo: pesa imepokelewa. Wiki mbili baadaye nikakuta nimefungiwa, siwezi hata kuiona moduli. Nikapiga simu. Sauti ya upole ikaniambia, “Mwalimu, malipo yako bado hayajasoma kwenye mfumo.” Nikauliza mfumo utasoma lini. “Huwa unasoma tu, mwalimu. Vuta subira.” Nikavuta. Nikaazima moduli ya fotokopi kwa mwenzangu aliyepata disko mwaka juzi, nikaanza. Kufikia Desemba mimi nilikuwa nimesoma kurasa zote 214, pamoja na ile iliyochapwa juu chini. Mfumo ulikuwa haujasoma risiti moja. Mimi na huo mfumo tunasoma chuo kimoja, Ndugu Mkurugenzi, lakini anayetishiwa sapu ni mimi peke yangu.

Hapo ndipo nilipomwelewa Max Weber. Kitabu chake kikubwa kinachoueleza urasimu kilichapwa mwaka 1922, miaka miwili baada ya yeye kufariki, jambo linalonitia moyo mimi ninayesubiri matokeo. Weber anasema ofisi ya kisasa ina ngazi, ina mafaili, kila mtu ana mipaka ya kazi yake, na kanuni ni moja kwa wote bila kujali nani ni mtoto wa nani. Niliposoma nilidhani anatia chumvi. Kisha Uhasibu wakanielekeza Udahili, Udahili wakanielekeza TEHAMA, TEHAMA wakasema hilo ni la kituo, kituo wakasema hilo ni la Uhasibu. Kila ofisi ilijua kwa hakika kabisa mahali kazi yake inapoishia. Inapoanzia, hakuna aliyekuwa na habari. Na upendeleo kweli hakuna: nimeulizia kwa wenzangu wanne wa mikoa tofauti, wote hawajajibiwa kwa usawa.

Mada ya 6 inahusu jinsi na jinsia. Moduli inasema mtu huzaliwa na jinsi, ila jinsia hujengwa na jamii taratibu, tangu utotoni, kupitia familia, dini na shule. Hapo penye “taratibu” naomba moduli irekebishwe. Mimi nina watoto watatu, nimewazaa mwenyewe, na mmojawapo amelala mgongoni ninapoandika haya. Kwenye fomu ya usajili nilijaza Ke. Kitambulisho kikaja kimeandikwa Me, na tangu siku hiyo barua pepe zenu zinaniita Bwana. Jamii ilihitaji miaka 34 kunifanya mwanamke. Karani wenu alihitaji kubofya mara moja. Niliomba nirekebishiwe, nikaambiwa niambatishe kiapo cha mahakama. Mume wangu amelipokea vizuri, ila ameuliza kama ada itaendelea kutoka kwake au sasa tutakuwa tunagawana kiume.

Nirudi Songea. Nilizaliwa huko, nakiri. Mfumo wenu ulipoona mahali pa kuzaliwa ukaamua kwamba ndiko nitakakofanyia mtihani, ukanipangia chumba na namba ya kiti. Kutoka hapa mtu avuke Rukwa, Songwe, Mbeya na Njombe ndipo aingie Ruvuma, na basi halimsubiri mwalimu amalize zamu. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kwa njia hii hii ya masafa, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Nimelitafakari sana jambo hilo. Nadhani nafuu aliyokuwa nayo mwenzangu ni kwamba serikali ya makaburu ilikuwa inajua alipo.

Kuna jambo lingine nataka nilieleze bila haraka, kwa sababu hili ndilo lililonifundisha zaidi.

Somo la jamii nalisoma peke yangu. Usiku, watoto wakishalala, nafunga mlango, nawasha taa ya sola, nafungua mada ya Émile Durkheim na mshikamano wa jamii. Jioni moja mama mkwe wangu aliniuliza nasoma nini hasa. Nikamwambia, “Nasoma jamii, mama.” Akacheka mpaka akakaa chini. “Jamii si hii hapa nje, mwanangu? Mbona umejifungia ndani?” Nikamweleza kwamba zoezi linatakiwa kufika kwenu kabla ya saa sita usiku, na kwamba ni kurasa tano juu ya mshikamano. Siku hiyo jirani alikuwa na sendofu ya binti yake, wanawake wote wa kikundi chetu wako uani wanachambua mchele. Mimi sikwenda. Nikaandika kurasa zangu tano za mshikamano, na kikundi kikanitoza faini ya shilingi 5,000 kwa kukosa mshikamano. Nyinyi mlinipa alama 11 kwa 20. Wale wa uani wangenipa sifuri, na nikiwa mkweli naona wao ndio walisahihisha vizuri.

Durkheim ana neno anomia: hali ya mtu ambaye kamba zilizomfunga na wenzake zimelegea, hajui tena kanuni ni ipi wala amwendee nani. Mwaka 1897 aliandika kitabu kizima juu ya kujiua, na humo akaonyesha hatari yake, akizunguka na takwimu za Wakatoliki na Waprotestanti wa Ulaya. Angeishi leo asingehangaika hivyo. Angejiandikisha kwenu muhula mmoja.

Nisionekane namtafuta Mzungu wa karne ile awaaibishe, niwape mfano wa nyumbani. Mwaka 1973 bibi yangu, aliyejua kusoma kwa kubahatisha, alisoma kwa masafa. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali ilitoa vijitabu, redio ikatangaza kipindi kila wiki, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakakaa katika vikundi kusikiliza, kubishana, kisha kwenda kuchimba vyoo. Redio ya kikundi cha bibi ilikuwa ya mbao, betri zake zikianikwa juani zipate nguvu. Mhadhiri alikuwa mbali vilevile, tena hakuweza hata kuulizwa swali. Lakini mwanafunzi hakuwa peke yake. Bibi alikumbuka mpaka uzee wake nani alibisha nini juu ya maji ya kuchemsha. Choo walichochimba mimi nimekitumia.

Sisi je? Semina yetu ya mtandaoni ilikuwa saa tatu usiku. Mtandao huku unapatikana ukipanda kichuguu kilicho nyuma ya stoo ya shule, basi nikapanda, nimejifunga kanga kichwani kwa ajili ya mbu. Mhadhiri akauliza, “Mnanisikia?” Tukaandika tunakusikia. Akauliza tena. Tukaandika tena. Aliuliza kwa dakika 18, kisha akasema kwa kuwa inaonekana hatumsikii, slaidi zitatumwa. Bando likaisha hapo hapo. Slaidi sijaziona, ila kile kichuguu sasa nakihesabu kama darasa la chuo kikuu na nimewakataza wanafunzi wangu kukichezea.

Halafu kuna zoezi la pili, lililotutaka tueleze kwa mifano jinsi jamii inavyotuliza migogoro. Niliandika juu ya utani. Mimi ni Mngoni. Mwalimu mwenzangu, Msukuma, alifariki, na kama ujuavyo makabila haya ni watani. Basi msibani ikanibidi nifanye kazi ya mtani: nikavaa koti lake, nikatembea kwa mikogo yake, nikaigiza anavyogombana na chaki ikivunjika, nikajilaza njia ya kaburini nikidai sitoki mpaka nilipwe. Mjane wake, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefumbua mdomo, akacheka, akalia, akaomba uji. Nikaandika yote hayo, na jinsi koo zilizowahi kupigana vita zilivyokuja kulipana kwa matusi ya kuchekesha. Msahihishaji wenu alipiga mstari mwekundu akaandika pembeni: “Chanzo?” Chanzo ni mimi, niliyelala njiani! Baadaye nikagundua kwamba Radcliffe-Brown aliandika makala juu ya utani mwaka 1940. Nikaliwasilisha upya zoezi lile lile, nikaongeza jina lake mara tatu. Alama zikapanda kutoka 9 hadi 15. Kwa hiyo nimejifunza pia sosholojia ya maarifa, ambayo kwenye moduli haimo.

Mtaniuliza mambo ya ada yaliishaje. Mwalimu mkuu wetu ana shemeji aliyesoma na dada mmoja wa ofisini kwenu. Dada akafungua kompyuta, mfumo ukasoma kwa dakika nne. Moduli yenu inasema sosholojia ilianzishwa na Auguste Comte, Mfaransa wa karne ya 19. Sina ugomvi na Comte. Ila Ibn Khaldun wa Tunis, mwaka 1377, alikwisha kueleza kwamba kinachowafanya watu wafike wanakokwenda ni asabiya, ile nguvu ya kushikana kwa damu na kujuana. Shemeji hajawahi kumsoma Ibn Khaldun, lakini anaijua namba ya simu ya dada.

Jinsi na kituo vilimshinda dada. Hivyo, alisema, vinataka ngazi ya juu.

Alama za muhula wa kwanza bado hazijaonekana. Sijakata tamaa. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikawa inabeba abiria. Wazee wa hapa ziwani wananiambia kilichozama vizuri hakiozi upesi.

Maombi yangu ni mawili. Kwanza, mnitumie orodha ya wanafunzi wenu walioko Nkasi na Sumbawanga. Hata tukiwa wawili inatosha, redio ninayo. Pili, mtihani ni Jumatatu ijayo, na sitakwenda Songea. Nitakuwa mlangoni pa kituo chenu cha Sumbawanga saa moja asubuhi, na kalamu mbili, risiti, kitambulisho cha mwanamume na mtoto mgongoni. Msimamizi akinitafuta asiangalie picha, aangalie mtoto.

Nakutakia kazi njema.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wenu wa Kirando
(Bw., kwa mujibu wa kumbukumbu zenu)

Nakala: Mwalimu Mkuu – kwa taarifa.
Shemeji – kwa utekelezaji.
Mfumo – usome.