Sifa za Mheshimiwa Sagasamu, Mtoa Ajira

Ng'ombe ametungiwa mashairi, mnazi umetungiwa nyimbo, hata panya ana ngano zake. Sagasamu hana hata ubeti mmoja. Tangu mwaka 2011 mwani huyu wa kahawia hushuka karibu kila mwaka katika fukwe za Karibi, Meksiko, Florida na Afrika Magharibi, bila viza wala barua ya mwaliko, na shukrani anayopata ni matusi. Magazeti humwita janga. Wenye hoteli humwita balaa. Ni dhuluma, na makala haya yamekusudia kumtendea haki.

Nasaba kwanza. Jamaa ya Sargassum ina mamia ya spishi, na karibu zote ni za wakaa nyumbani: hushikilia mwamba na kutulia hapo, kama wafanyavyo wale wa Unguja na Mombasa. Ndugu wawili tu, Sargassum natans na Sargassum fluitans, walikataa kupanga chumba. Hawa huelea katika Atlantiki maisha yao yote, wakibebwa na vibofu vidogo vilivyojaa gesi. Hawana ua, hawana mbegu, hawachumbii wala hawatoi mahari. Tawi likikatika, kila kipande huendelea kukua kivyake, hivyo baharia anayewachapa kwa kasia kwa hasira huwa anawaongezea ukoo. Ni kiumbe asiyeoza mwana. Akifika ufukweni ndipo huoza mwenyewe.

Tena wala si mmea. Mwani wa kahawia uko karibu zaidi na diatomu, vile viumbe vya chembe moja vya baharini, kuliko na mchicha. Rangi yake ya dhahabu hutokana na fukozanthini, inayoifunika klorofili ya kijani iliyomo.

Kumtambua kwa jina ni heshima ya kwanza anayostahili mgeni. Kanuni ya vitabuni ni hii: okota kitawi kibichi. Kama shina ni laini, majani ni membamba na vibofu vina kimwiba nchani, huyo ni natans. Kama shina lina vimwiba, majani ni mapana kidogo na vibofu ni vipara, huyo ni fluitans. Rahisi kabisa, mpaka umjue Albert Parr, ambaye mwaka 1939 aliwagawa ndugu hawa kwa maumbo yao na kuwapa namba za Kirumi, mithili ya wafalme: natans wa Kwanza, natans wa Nane, fluitans wa Tatu. Huyo wa Nane alikuwa nadra kutajwa, hadi mafuriko ya mwani ya 2014 na 2015 yalipoikumba Karibi, naye akaonekana ndiye aliyejaa. Ana shina laini la natans, majani mapana kama ya fluitans, na vibofu ambavyo mara nyingi havina mwiba wowote. Mwandishi wa sifa hizi aliwahi kumpigia magoti, lenzi mkononi na kitambaa puani, akisaka mwiba ambao haukuwapo, huku rundo zima likigeuka rangi ya kutu. Ni mtihani wa subira, na subira ni fadhila.

Fadhila nyingine zitajwe harakaharaka. Ni mkarimu: vifaranga vya kasa hujificha ndani yake, na samaki aitwaye Histrio histrio ameiga madoa na vijani vyake hadi haonekani mpaka atikisike. Hukaribisha uzazi wa wengine: mikunga wa Ulaya na wa Marekani husafiri hadi Bahari ya Sargasso, bahari pekee isiyo na pwani, kwenda kutaga. Ni wa kale: mabaharia wa Columbus walimpita mwaka 1492. Inatosha.

Fadhila yake kuu ni moja. Anatoa ajira.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sagasamu ni mwungwana kupita hapo: huja na jembe lake mwenyewe, na siku ya tatu humkabidhi mwenyeji. Saa 48 hivi baada ya kurundikana mchangani huanza kuvunda na kutoa amonia na haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Hapo ndipo soko la ajira hufunguliwa rasmi.

Wa kwanza kuajiriwa ni watu wa reki na toroli, wanaoanza alfajiri ili mtalii akiamka akute mchanga ule aliouona kwenye picha. Wakielemewa, huitwa tingatinga, ambalo huzoa mwani pamoja na mchanga, na hivyo huzaa ajira ya pili, ya wale watakaolipwa kuurudisha mchanga. Gesi ile hula shaba, basi fundi wa viyoyozi na majokofu hapumziki. Huwasha macho na kubana kifua, basi daktari naye yumo: mwaka 2018, katika muda wa miezi minane, madaktari wa Guadeloupe na Martinique waliripoti zaidi ya watu 11,000 waliodhaniwa kuathiriwa nayo. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye marundo huwa ya kahawia, hukosa oksijeni, huua nyasi bahari na matumbawe, na mtafiti wa matumbawe akapata kazi ya miaka.

Jeshi nalo limepata riziki. Mwaka 2019 Rais Andrés Manuel López Obrador wa Meksiko aliwakabidhi wanamaji vita dhidi ya sagasamu, na mwaka huohuo akasema tatizo lenyewe si zito. Wanamaji wakajenga meli ya kumzoa akiwa bado baharini, wakaiita Natans. Ni maamiri wangapi katika historia waliowahi kuipa meli yao jina la adui?

Huko angani wapo wanaomhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida, wakitumia picha za setilaiti, waliona mwezi Juni 2018 mkanda wa mwani wa kilomita 8,850, kutoka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko, wenye tani zaidi ya milioni 20. Mei 2025 hesabu ikafika tani milioni 37.5. Hakuna kiwanda kilichopanuka hivyo bila mkopo wa benki.

Wabunifu wasisahauliwe. Huko Meksiko kuna nyumba iliyojengwa mwaka 2018 kwa matofali yaliyochanganywa sagasamu. Barbados mwaka 2024 watafiti waliendesha gari kwa gesi iliyopatikana kwa kuchachusha sagasamu, mabaki ya viwanda vya pombe ya rum na samadi ya kondoo. Kumgeuza mbolea ya mboga kunahitaji uangalifu, kwa sababu hubeba arseniki nyingi, lakini hata hiyo ni ajira ya maabara.

Hapa ulimi wa kusifu unakwama, kwa sababu ya yule wa reki. Mtu anayeshinda kutwa katikati ya rundo linalotoa haidrojeni salfaidi anahitaji barakoa inayofaa na kipimo cha gesi, si kofia yenye nembo ya hoteli. Gesi hiyo ina hila moja inayojulikana na kila mtaalamu wa usalama kazini: ikizidi, huifisha pua, mtu akadhani hewa imetakata kumbe ndiyo imechafuka zaidi. Anayepewa reki bila kuambiwa jambo hilo hajaajiriwa, ametolewa kafara. Na anatolewa kafara ili mgeni wa chumba chenye roshani asikunje pua anapokula papai.

Upande wa pili wa bahari hata reki ni anasa. Wavuvi wa magharibi mwa Ghana walianza kuvuta nyavu zilizojaa mwani mwaka 2011, miezi michache baada ya mafuta kuanza kutoka katika eneo la Jubilee, Desemba 2010. Wengi wakawashuku wachimba mafuta. Hawakumpata mkosaji, lakini swali lao lilikuwa la haki: nani kaleta hiki, na nani atalipa nyavu? Tobago ilipotangaza janga mwaka 2015 na Barbados hali ya dharura mwaka 2018, kamera zilifika upesi, kwa kuwa kuna vitanda vya watalii vya kuhesabia hasara. Mvuvi wa Ghana hana kitanda cha kukodisha. Mtumbwi uliokwama kwenye mwani, siku iliyopita bila samaki, deni la petroli ya injini, hayo hayamo katika takwimu za utalii.

Pwani ya Kenya mkosaji hukosewa kwa namna nyingine. Kusi likivuma na marundo yakapanda ufukweni, mwenye hoteli hulaani mwani; watafiti walipoyapembua walikuta sehemu kubwa ni nyasi bahari, zinazosaidia kuukinga mchanga wake usichukuliwe na mawimbi. Yeye hutaka zizolewe kabla ya chai.

Kuhusu nani anayemlisha sagasamu wa Atlantiki, wanasayansi wanabishana. Wengine hutaja mbolea na ukataji wa misitu katika bonde la Amazon, wengine hutaja virutubisho vinavyopandishwa kutoka kilindini. Mto Congo nao umo katika orodha ya washukiwa, na kwa kuwa Ziwa Tanganyika humwaga maji yake huko kupitia mto Lukuga, hata Kigoma inaweza kuitwa shahidi. Ubishi huo ni halali. Ndiyo kazi ya sayansi.

Haramu ni ule wa ofisini. Akiwa bahari kuu, sagasamu si wa nchi yoyote. Akiingia nyavuni ni wa idara ya uvuvi. Akigusa mchanga huwa wa utalii, akivunda huwa wa afya, na akishapakiwa kwenye lori huwa wa halmashauri, ambayo haina pa kummwaga. Kila idara ina barua ya kuthibitisha kwamba si wake. Mwani wenyewe, ambao hukua maradufu katika wiki mbili au tatu ukipata lishe, hausubiri barua ijibiwe.

Ndipo huitishwa kongamano. Mwandaaji mwenye akili huliweka upande wa magharibi wa kisiwa, ambako upepo wa mashariki haumfikishi anayejadiliwa, na chai ya saa nne ikanywewa bila kuziba pua. Azimio la kwanza huwa kuunda kamati, la pili kumtafuta mshauri mwelekezi, la tatu kuomba fedha za kongamano lijalo. Kisha posho hutiwa saini, na hiyo nayo ni ajira aliyoileta Mheshimiwa, yenye malipo mazuri kuliko ya reki na isiyodai barakoa.