Jinsi ya Kuwa Msomi wa Uchumi Kabla Matatu Haijafika Bungoma

Panda matatu Kitale asubuhi, keti dirishani, kisha fungua kwenye simu mhadhara wowote unaotaja soko mara nyingi. Dereva akiongeza muziki, mwambie konda kwa upole kwamba uko chuo kikuu. Nauli haitapungua, ila jirani yako atakaa vizuri.

Kuanzia Kiminini, tikisa kichwa taratibu kila unaposikia “mtaji” au “riba”. Hapo umemaliza somo la fedha. Wengi hawajui zaidi ya hayo, na wanaalikwa redioni.

Mkikaribia Webuye, acha kusikiliza uanze kusoma. Tafuta makala ya Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, iliyotoka mwaka 2019 katika Quarterly Journal of Economics. Utafiti wenyewe ulifanywa papa hapa, Webuye na Matete, pamoja na One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006. Utasoma kwamba mkulima huuza mahindi baada ya mavuno bei ikiwa chini, kisha miezi michache baadaye hununua mahindi bei ikiwa imepanda. Shangaa kwa sauti. Mama aliye karibu nawe, anayeuza mahindi kwa gorogoro, hatashangaa. Usivunjike moyo; yeye hana tanbihi.

Ila usiifunge simu bado, maana utamu uko mbele. Wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kulipa karo ya Januari bila kufungua ghala, wakasubiri bei ipande, na faida yao ikafika 29% ya mkopo. Tena pale walipokopeshwa wengi, bei ya soko zima ilitulia: wakopaji wakapata faida ndogo zaidi, na majirani wasiokopa hata shilingi wakanufaika. Hilo hata mama wa gorogoro hakulijua, na mimi nakiri lilistahili tanbihi zote.

Roboti ziweke mwisho, kwa sababu hupendeza hata zisipoeleweka. Mtaje mwanauchumi Acemoglu na mwenzake Restrepo: mwaka 2020 waliandika kwamba kule Marekani, roboti moja ikiongezwa kwa kila wafanyakazi 1,000, mishahara hushuka kwa 0.42%. Itamke desimali hiyo polepole. Akitokea mtu akauliza habari za mashine ya kupukuchua mahindi inayovutwa na trekta, ile iliyowanyang’anya vijana wa Trans Nzoia kibarua cha kupiga magunia kwa fimbo, mpuuze. Haina kompyuta, kwa hiyo si usomi.

Mkifika steji ya Bungoma, shuka ukiwa mtaalamu. Na kama wewe ni mwanachama wa sako, ibebe ile makala ya mahindi hadi mkutano mkuu, uwaulize viongozi kama wana mkopo wowote wa Desemba kwa mkulima anayetaka kusubiri bei.