Barua ya Wazi kwa KUCCPS: Ahsanteni kwa Kuwaokoa Madaktari na Fizikia

Waheshimiwa wateuzi wa wanafunzi wa vyuo,

Salamu kutoka bandarini Kilindini, ambako mimi huendesha kreni na kwa hivyo, bahati mbaya, sikuweza kuikwepa fizikia. Kontena haliulizi ulipata alama gani.

Nawapongeza. Mwongozo wenu humpima anayeomba udaktari kwa Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha lugha. Hisabati katika KCSE ni lazima kwa kila mtahiniwa. Basi mmempa mtoto hiari ya ajabu: achague kati ya somo asiloweza kuliacha na somo ambalo kila mtu anamsihi aliache. Mpwa wangu alipokuwa kidato cha pili aliambiwa kwa upole, "Fizikia itakushusha pointi, mwanangu. Chukua Jiografia." Sasa utalii wa Uswisi anaujua kama kiganja chake.

Juzi nilikwenda wodini kumjulia hali jirani. Mzee wa kitanda cha pili alitaka kwenda msalani, akautungua mfuko wa dripu, akaushika chini ya kiuno, akaanza kuburuta ndala. Hajafika mlangoni, damu ikawa yapanda kwenye mpira. Ndugu wote wakaduwaa. Mama wa usafi, fagio mkononi, akamkemea: "Inua juu, babu!" Akainua, damu ikarudi ilikotoka. Kilichopungua pale kilikuwa kimo cha maji juu ya mshipa, wala si dua.

Au tuchukue mshipa wenyewe. Ukisinyaa hadi nusu ya upana wake, na presha isibadilike, damu inayopita haibaki nusu. Hubaki sehemu moja kati ya 16. Aliyeifukua kanuni hiyo kwa vibomba vyembamba vya kioo ni Mfaransa Jean Poiseuille, ambaye tayari mwaka 1828 alikuwa akipima presha ya damu kwa zebaki. Alikuwa daktari. Maskini, hakupata wa kumhurumia kama nyinyi.

Mhandisi anayeitengeneza mashine ya hospitali, huyo hamumpokei bila fizikia. Ni haki: mashine ikiharibika ni hasara kubwa.

Naomba huruma hii ifike na bandarini. Rubani anayeingiza meli asomee maji kujaa au maji kupwa, lolote litakalompa pointi. Nasi wa kreni turuhusiwe kuchagua kati ya uzito wa kontena na rangi yake.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha nne na anataka kuwa daktari wa eksirei. Nitumieni, tafadhali, kijitabu chochote kinachomweleza miale mtu aliyeachana na fizikia kidato cha pili. Cha Uswisi tunacho.

Wenu mtiifu,
Mwendesha kreni, Kilindini