Mita Moja, Wapangaji Watatu

Tulipokuwa wapangaji wawili, luku haikutugombanisha. Mimi taa tatu na redio, jirani taa mbili na pasi. Tukinunua umeme wa elfu kumi, mimi sita, yeye nne, kwisha. Kisha akahamia wa chumba cha uani, na friji. Kosa letu tukaanza kuitumia: mna chupa zangu mbili za maji na samaki wa jirani. Sasa yuniti za friji ni za nani?

Mpwa wangu anasoma fizikia chuo kikuu. Nilimwomba mchango, akanipa mhadhara, huku anachaji kompyuta yake.

"Mjomba, hapo vigeu havitengani."

Kumbe wenzetu wa fizikia wana mlinganyo wenye vigeu vilivyosokotana. Wanaufumua, kila kigeu kinabaki na mlinganyo wake mdogo, na kila kimoja kinadai nambari nzima yake. Elektroni ya haidrojeni imefumuliwa hivyo. Ngazi yake ya nishati ya chini kabisa ni elektronivolti 13.6 chini ya sifuri, inayofuata 3.4, na katikati hakuna pa kusimama. (Hilo halikunishangaza. Kondakta naye hana chenji ya hamsini.)

Mwaka 1916 wanafizikia Epstein na Schwarzschild waliitia haidrojeni hiyohiyo kwenye uga wa umeme. Kwa vipimo vya tufe ikagoma kugawika. Wakapima kwa parabola, ikakubali.

"Na vipimo vinavyofaa wanavijuaje?"

Akacheka. Mwanahisabati Jacobi, katika mihadhara yake ya Königsberg ya 1842 na 1843, alikiri hakuna kanuni ya kuvipata. Akashauri ushike kwanza vigeu vizuri, ndipo utafute maswali yanayovifaa. Yaani fundi ananunua kitasa, halafu anazunguka mtaa mzima kutafuta mlango wa kukitia! Angekuwa fundi wangu ningemnyima hata nauli.

"Basi nigawie heli," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. Heli ni kiini na elektroni mbili, na hizo mbili zinasukumana. Hesabu iliyoifumua haidrojeni iligonga mwamba hapo. Siku hizi kompyuta zinaikadiria kwa usahihi wa kutisha, lakini kuigawa vipande safi, hapana.

Watatu tu, na wameshindwa maprofesa.

Mwenye nyumba, kama unasoma hapa, tuwekee mita tatu. Ukiona gharama, mwambie huyu wa uani atoe friji yake. Ila angoje kesho. Leo maji yangu bado hayajapoa.