Mafua ya Mbwa wa Mikelenge

Mbwa akipiga chafya moja pale Mikelenge, mjini Kindu, hakuna anayegeuka. Akipiga kumi mfululizo, tena juu ya sahani ya wali na sombe, kila mtu nyumbani anakuwa daktari.

Ndivyo ilivyomkuta Simba, mbwa mwenye jina kubwa ambaye huwakimbia hata mbuzi. Mama mwenye nyumba alimpaka puani dawa kali ya mafua, ile ya kopo dogo ambayo watu hujipaka kifuani. Simba alilia, akaangusha ndoo, akaenda kujisugua kwenye vitenge vya jirani vilivyoanikwa. Jirani akaja na vitenge mkononi na uchunguzi wake tayari: "Mama, huyu amelogwa." Papa mwenye nyumba hakutaka habari za uchawi. Yeye alileta nusu kidonge cha parasetamoli, akakificha ndani ya tonge. Simba alikula wali, kidonge akakitema.

Alikuwa na akili zaidi kuliko waliomtibu. Parasetamoli huweza kuharibu damu na ini la mbwa, na ibuprofeni humtoboa tumbo na kuumiza figo. Matone ya watu ya kuzibua pua nayo yanaweza kuwa sumu kwake.

Shida ya mbwa mwenye pua iliyoziba huanzia kwenye chakula. Ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, na asichokinusa mara nyingi hakili. Kwa hiyo anayesusa chakula huenda hana ugonjwa wa tumbo. Wali wa moto kidogo, wenye mvuke, humrudishia hamu. Pua kavu baada ya usingizi juani haina maana yoyote, ingawa mtaani wanaapa kwamba ina.

Makamasi mepesi kama maji, kwa mbwa anayekula na kucheza, yanaweza kusubiri siku mbili tatu. Yakiwa mazito ya kijani, au akihema kwa mdomo hali amelala, hapo hakuna kusubiri. Uvimbe chini ya jicho huenda ni jino lililooza. Damu puani inaweza kuletwa na ugonjwa wa kupe.

Kinachotisha zaidi ni distempa, ambayo virusi vyake ni ndugu wa surua. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa huanza na tongotongo na makamasi, kisha kikohozi na kuhara, mwisho mwili unatetemeka. Mwaka 1895 mbwa wa Kongo wasiobweka, hawa ambao leo dunia inawaita Basenji, walipelekwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Kisha distempa ikawaua. Walikubalika kule Uingereza miaka ya 1930 tu.

Simba hakuwa na distempa. Makamasi yalitoka tundu moja tu, na hiyo ni dalili ya kitu kilichokwama. Fundi wa mifugo, aliyevuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli kuangalia mbuzi wa watu, alimfunga mdomo kwa kitambaa, akachomoa kwa kibanio kapi moja la mpunga. Simba alikuwa amezoea kulala nyuma ya mashine ya kukoboa. Kama kapi lingezama zaidi, ingebidi dawa ya usingizi, na Papa kulichokoa kwa njiti kungelisukuma ndani.

Kabla ya kulichomoa, fundi alikuwa ameuliza maswali machache: makamasi yanatoka tundu moja au yote mawili? Amechanjwa lini? Amepewa dawa gani? Kwa swali la tatu, Mama alimtazama Papa, na Papa akamtazama jirani.