Kikwapa cha Baba

Nyumbani kwetu Upanga kila kitanda kina mfarishi, ingawa Januari ya Dar es Salaam hata shuka mtu hulipiga teke kabla ya usiku wa manane. Mama ndiye anayeishona. Alianza alipostaafu, na vitanda vilipokwisha, mifarishi ikaanza kupakiwa kwenye mabasi ya Njombe na Lushoto kwa ndugu zetu wa huko, ambao wana baridi ya kutosha kupokea zawadi kama hiyo bila maswali.

Viraka anavifuata Kariakoo. Mafundi wa kule hukata vitenge kutwa, na chini ya meza zao hubaki pembe na vipande wanavyovifagia jioni. Mama huwahi kabla ya ufagio. Vingine hutoka kwenye masanduku ya ndani: kipande cha kanga ya kisutu, au kitenge ambacho Mama amekihifadhi tangu ujana wake, cha Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hukata kwa kufuata kipande cha boksi, huunganisha kwa mshono wa robo inchi, hutandika blanketi kuukuu katikati na kitambaa cha chini, kisha hupiga bandi kupita tabaka zote tatu. Pembe zake hukutana sawasawa. Hilo analijua, na ndilo lililotuponza.

Binti ya shangazi alichumbiwa, na kamati ikachagua sare ya sendofu: kitenge cha bluu chenye miduara ya rangi ya chungwa, kila mduara na ukubwa wa sahani ya pilau. Fundi tuliyemzoea alitaja bei ya familia nzima, Mama akanyamaza. Kisha akataja tarehe. Mama anazijua tarehe za mafundi. Alikunja kitenge akarudi nacho nyumbani.

"Mimi ninaunganisha mamia ya viraka vinalala kimya," alisema jioni ile. "Gauni lina vipande vingapi hata linishinde?"

"Mke wangu," Baba alijibu akiwa bado na tonge mkononi, "mifarishi yako inalaliwa. Shati linatembea."

Hakuna aliyemsikiliza. Na kwa kweli safari aliyoianza Mama ni ya kwenda kinyume na dunia. Kwa kawaida nguo huanza, ikachakaa, ndipo ikawa mfarishi. Ndivyo wanavyofanya Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika: wanawake wao huchukua nguo zilizochoka, wakazishona kwa mkono kuanzia ukingoni kuelekea katikati, mpaka zikawa kawandi, mfarishi wa rangi nyingi wenye vijipande vya pembetatu kwenye pembe zake. Mama alitaka ujuzi wa mwisho wa nguo umsaidie kwenye mwanzo wake.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Baba. Mama alilaza shati lake kuukuu juu ya kitenge, akalizungushia chaki, akakata. Meza ya chakula ikawa ya cherehani. Sisi tukahamia mkekani, ambako pini zilikuwa zimetutangulia. Mdogo wangu alikalia moja, akaapa kwamba harusini angevaa jezi.

Shati lilikamilika usiku, asubuhi Baba akasimamishwa sebuleni. Kwenye mfarishi mduara hukatwa mara nne na hakuna anayejua ulikuwa mduara. Kwenye shati, Mama alikuwa amekata pale kitambaa kilipobana matumizi, na mduara mmoja mzima ukaenda kukaa juu ya tumbo la Baba, katikati kabisa. Mdogo wangu akamuuliza nani atakayemlenga shabaha.

"Ni fasheni," alisema Mama.

Baba akaketi kunywa chai. Mshono wa mgongo ukalia. Robo inchi inatosha kwenye kitu kinachotandikwa. Mgongo wa mtu mzima unaoinamia kikombe unadai zaidi. Mafundi huacha akiba ndani ya mshono kwa sababu hiyo, na kwa sababu wanajua mteja atanenepa, atarudi, na nguo itaongezwa. Isitoshe, Mama hakuwa amepiga ovaloki. Ndani ya mfarishi ukingo wa kitambaa umefungiwa milele, lakini ndani ya shati unasuguliwa kila hatua, nao ulikuwa umeanza kuchambuka nyuzi.

Mgongo ukarudiwa. Kilichobaki ni mkono, na mkono ndio uliotuaibisha hadharani. Kichwa cha mkono wa shati hukatwa kwa mviringo, na ukingo wake huwa mrefu kidogo kuliko tundu la bega unamoingia. Fundi huukusanya taratibu mpaka uenee, na ile ziada ndiyo inayolipa bega nafasi ya kuzunguka. Mama alivilaza viwili hivyo mezani, akaona kimoja kimezidi, akakifanyia alichovifanyia viraka vyote vilivyowahi kuzidi. Alikipunguza.

Baba akishusha mikono alipendeza kweli. Alitoka kwenda Magomeni kumwona rafiki yake, akapanda mwendokasi kituo cha Fire, na kwa kuwa viti vilijaa, akainua mkono kushika bomba. Shati zima likapanda naye. Mduara uliokuwa tumboni ukahamia kifuani, na tumbo lenyewe likabaki nje kusalimiana na abiria. Akashusha mkono. Dereva akafunga breki, Baba akamwangukia mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa. Kutoka Fire hadi Magomeni alikuwa na uchaguzi wa heshima ya aina mbili, na kila moja ilimpotea kwa zamu. Alirudi kwa miguu, jua la saa nane, akalivua shati mlangoni.

"Linakaba," alisema, akaingia kuoga.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amefika kwa ajili ya harusi. Amekulia Ng'ambo, Unguja, na enzi za babu alikuwa akimshonea kanzu kwa mkono. Siku zote hizo alikuwa kimya kwenye kiti chake, akitazama mkwewe anavyohangaika, kwa adabu ya mgeni. Sasa akaliomba shati. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwapani.

"Mwanangu, hili halina kikwapa."

"Kikwapa cha nini tena, Mama? Shati la kisasa hili."

"La kisasa, lakini mwenye kulivaa ana makwapa ya zamani."

Akaomba karatasi, akaikunja kutuonyesha. Kanzu ina badani, la mbele na la nyuma, vipande vilivyonyooka. Ubavuni huongezwa taharizi, zinazopanuka kuelekea chini ili mtu apige hatua. Mikono nayo imenyooka, haina kichwa cha mviringo cha kumsumbua mtu. Na pale mkono, badani na taharizi zinapokutana, huwekwa kijipande cha mraba kilichokalia pembe yake. Hicho ndicho kikwapa.

Bibi akachukua kiraka kwenye kapu la Mama, akakivuta kufuata mtande. Hakikwenda popote. Akakivuta kufuata mshindio, vilevile. Akakivuta mshazari, pembe kwa pembe, kikanyooka na kurudi. "Mraba ukiukalisha kwa pembe, mkono ukipanda wenyewe unatoa, ukishuka unarudisha," alisema. "Sasa wewe na miraba nani atakayekufundisha?"

Mama alikitazama kile kiraka kwa muda. Bibi, akiona amepata wanafunzi, akaendelea. Wanawake wa pwani, alisema, walikuwa wakinunua leso za Wareno, zile za kufutia jasho, wakaziunga sita pamoja, tatu kwa mbili, wakajifunga. Kisa hicho cha karne ya 19 ndicho kinachosimuliwa kuwa chanzo cha kanga. Nguo ya viraka sita vya mraba, na haikumuuliza mtu saizi ya bega lake.

Usiku huo tulikabidhiwa nyembe. Mshono wa mfarishi ni mfupi na umebana, kwa hiyo kuufumua ni kazi ya jela, na familia nzima ilifungwa hadi usiku wa manane. Kitenge cha sare kilikuwa kimebaki kidogo, kimewekwa kwa magauni. Kikwapa cha Baba kikatoka kwenye kile kitenge cha Urafiki, chekundu, ambacho kingeonekana tu akiinua mkono. Shingo iliyokuwa imeanza kulegea ikatiwa kaba kwa ndani. Magauni yetu Mama akayakata yote kwa badani na taharizi, vipande vimenyooka, na safari hii miduara aliipanga kabla ya kushika mkasi. Tulipomaliza, kilichobaki sakafuni hakikutosha hata kiraka kimoja.

Ukumbini, MC alipoita upande wa mjomba waingie, Baba aliingia akicheza mikono yote juu. Shati likabaki kiunoni. Wekundu ukamulika kwapani kulia na kushoto, watu wakapiga vigelegele wakidhani ni mtindo. Hakushusha mikono hadi keki ilipokatwa, na hata wakati wa picha ilibidi aombwe.

Kesho yake mchana shangazi alipanda ngazi zetu akihema, kitenge kipya kwapani, akitaka kujua fundi wetu anakaa mtaa gani na anatoza kiasi gani. Mama alimkaribisha, akampa maji ya kunywa, akachukua futi. Hakumuuliza anataka mshono gani.

"Inua mkono, wifi," alisema. "Juu zaidi. Kama umeikosa bodaboda na bado unaiita."