Fakture Haina Delestaji

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliyeko Antwerp alinipigia simu ya video, akanililia dakika ishirini nzima. Msiba? Hapana. Gari. Amenunua gari la umeme, na kulichaji nyumbani kunamtoa jasho.

"Yomba, huwezi kuamini! Tangu Januari 2023 huku Flanders hawahesabu tu umeme uliotumia. Wanaangalia pia ile robo saa ya mwezi uliyouvuta kwa pupa kuliko zote, wanakutoza na hiyo. Nikichomeka gari, mke wangu akawasha mashine ya kufua na pasi juu yake, nimekwisha!"

Nikamuuliza kulijaza gari hilo ni pesa ngapi. Betri ni ya kilowati-saa 60, akasema, na kila moja ni senti 30 hivi za euro. Jumla, euro 18.

Nilitaka kumpa pole, lakini simu yangu ilikuwa na asilimia nne, na asilimia nne hazitoshi kumpa pole mtu wa Ulaya. Ikazima.

Nikaenda kwa kijana wa chaji pale mtaa wa Kataki, hapa Kalemie. Mezani kwake simu zimepangwa kama ndagala walioanikwa juani, kila moja na kipande cha plasta chenye namba. Yangu ikawa ya 31. "Faranga mia tano, papa. Rudi saa kumi." Sikuondoka. Simu ukiiacha peke yake hurudi na betri ya jirani.

Kwa kuwa sikuwa na simu ya kuchezea, nikapiga hesabu. Betri ya simu kama yangu hubeba wati-saa 20 hivi. Basi gari la mpwa wangu ni simu 3,000. Kwa bei ya Kataki, kulijaza mara moja ni faranga milioni moja na nusu, zaidi ya euro 500. Naye analia kwa 18! Nikatamani kumpigia nimgombeze, lakini namba 31 ilikuwa haijaiva.

Msidhani nyumbani sina umeme. Ninao, kwenye karatasi. Mita hakuna, kwa hiyo fakture yangu, yaani ankara ya umeme, ni ya forfè: unalipa kiasi kile kile, taa ziwake zisiwake. Umeme wenyewe una delestaji, yaani mgao: leo mtaa wenu, kesho mtaa wetu, keshokutwa hakuna mtaa. Fakture haina delestaji. Tangu niijue haijakatika hata mwezi mmoja. Mvua inyeshe, ziwa lipande, mleta fakture atabisha hodi, tena mchana, maana usiku asingeuona mlango.

Umeme wa Kalemie chimbuko lake ni Bendera, kwenye mto Kiymbi. Kituo hicho kilijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, mji huu ukiitwa bado Albertville: megawati 17 na ushee. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, na mwezi Juni akatuma wapiganaji wakaishambulie Bendera. Walishindwa, wakarudi wakibeba majeruhi. Lakini babu mmoja jirani yangu, kila giza linapotuangukia, hutoa kichwa dirishani na kuuliza: "Che amerudi?"

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Lithiamu ya betri za magari kama la mpwa wangu imelala Manono, humu humu mkoani Tanganyika, na ni moja ya akiba kubwa kabisa zinazojulikana duniani. Waaustralia na Wachina wameigombania hadi kwa wasuluhishi wa Paris. Wenye mkoa tumekaa kwenye benchi Kataki, tukisubiri namba ya plasta.

Saa kumi ikafika. Nikamuuliza kijana umeme anautoa wapi, maana mtaa mzima ulikuwa kimya na hakuna grupu la umeme lililonguruma. Akafunua gunia chini ya meza: betri ya gari, kubwa, imeota unga mweupe kwenye vichwa, waya wake ukipanda hadi kwenye paneli ya jua juu ya bati. "Gari lenyewe lilikufa zamani, papa. Betri yake bado inafanya kazi."

Nikasimama pale nikiitazama. Kumbe mpwa wangu anachaji gari, mimi gari ndilo linalonichaji, tena mia tano kila mara.

Akanikabidhi simu. Asilimia 61.

"Mbona haijajaa?"

Akaonyesha juu kwa kidole. "Wingu, papa. Lilikaa sana."

"Basi nikupe mia tatu."

"Hapana, papa. Bei ni mia tano."

Nikalipa. Kumbe hata jua siku hizi linauzwa kwa forfè.